Vichwa vyeusi usoni haviishi? Soma dalili, ufuate chanzo

Osha uso, ukaushe, kisha simama karibu na kioo mchana penye mwanga wa dirisha. Vuta ngozi ya pua kidogo kwa vidole viwili. Unachotafuta ni vitone vyeusi au vya kahawia iliyokolea, kila kimoja kimekaa ndani ya kitundu chake, hakiumi, na pembeni yake hakuna uvimbe. Hivyo ndivyo vichwa vyeusi. Wengi huruka ukaguzi huu wa dakika moja, wakakimbilia dukani, halafu miezi inapita wakipambana na kitu ambacho hawakukitambua.

Chini ya kila kitone kuna kitundu cha unyweleo chenye tezi inayotoa mafuta ya ngozi. Mafuta hayo tunayahitaji. Kwa kawaida hupanda hadi juu pamoja na seli zilizokufa zinazobanduka kwenye kuta za kitundu. Seli hizo zikibanduka kwa wingi na zikanata, huchanganyika na mafuta na kufanya kizibo. Mdomo wa kitundu ukiwa wazi, sehemu ya juu ya kizibo hupigwa na hewa ikawa nyeusi, kama ndizi za kupika zilizomenywa zikaachwa kwenye sinia bila maji. Weusi huo ni mafuta yaliyobadilika kwa hewa pamoja na melanini, rangi ya asili ya ngozi yetu. Mdomo ukifunikwa na ngozi, kizibo hicho hicho huonekana kama kipele kidogo cheupe kisichotoa kitu.

Kwa hiyo weusi ule si uchafu, na hili nalisisitiza kwa sababu ndipo nyuso nyingi zinapoharibika. Anayeamini ni uchafu atasugua. Kizibo kimekaa ndani, mahali ambapo dodoki, skrabu na mawe ya kusugulia hayafiki, kwa hiyo kinachosuguliwa ni ngozi nzima iliyokizunguka. Ngozi hiyo ikichubuka huacha weusi mwingine, na huo huchukua muda mrefu zaidi kuondoka kuliko kizibo chenyewe.

Kwanza hakikisha ni vyenyewe

Kama ulichokiona puani ni vitone vingi vidogo vya kijivu au kahawia hafifu, vimejipanga kwa usawa, vyote ukubwa mmoja, basi huenda huna tatizo lolote. Hizo ni nyuzi za mafuta, na kila mtu mzima anazo. Ukizikamua hutoka kijiuzi chembamba cheupe au cha njano, pua inaonekana safi siku chache, na ndani ya mwezi mmoja hivi zimejaa tena. Huo ndio utaratibu wa mwili kupitisha mafuta. Dawa yenye asidi ya salisiliki itazifanya zisionekane sana, lakini kuzimaliza haiwezekani, na anayekuahidi hivyo anataka fedha yako.

Kama vitone viko mashavuni na karibu na macho, vimeinuka juu ya ngozi, ni laini ukivigusa, na mama au bibi yako anavyo pia, hivyo ni vinyama vya ngozi visivyo na madhara. Vinawatokea sana watu wenye ngozi nyeusi na huongezeka kadiri umri unavyokwenda. Havina kitundu, havina kizibo, wala hakuna cha kukamua. Asidi hazivigusi. Anayetaka viondolewe aende kwa daktari wa ngozi, kwa sababu kuvichoma kwa dawa za mtaani huacha makovu.

Kwa wanaume wanaonyoa, vipele vyenye kitone cheusi kwenye shingo na taya mara nyingi ni ndevu zilizojikunja zikarudi ndani ya ngozi. Ukiangalia vizuri utaona unywele wenyewe umelala chini ya ngozi. Hapo kinachotakiwa kubadilika ni namna ya kunyoa: punguza kwa mashine badala ya kunyoa hadi kwenye ngozi, pita kufuata uelekeo wa ndevu, usivute ngozi. Kuna pia vitone vya puani ambavyo, vikitolewa, vinaonekana ni kifungu cha vinyweleo vyembamba vilivyonasa pamoja. Hivyo havisikii dawa za chunusi kwa haraka na ni vyema vikaonwa na mtaalamu.

Paji la uso na kando ya nywele ndiko kumejaa

Dalili hii ndiyo rahisi kuliko zote kuitafutia chanzo, na ajabu ni kwamba wachache huiangalia. Kama vipele vidogo vimeganda kwenye paji la uso, kando ya masikio na pale nywele zinapoanzia, wakati kidevu na mashavu ni safi, tazama unachopaka kichwani kabla hujatazama unachopaka usoni.

Mwaka 1970 madaktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman akiwa mmoja wao, walieleza chunusi zinazoletwa na pomadi. Waliziona kwa wanaume weusi waliopaka nywele mafuta mazito, na mpangilio ulikuwa ni huu huu: paji la uso na kando ya kichwa. Hali haijabadilika. Mtu akisuka rasta au mistari, akapaka mafuta ya ngozi ya kichwa kila jioni na kumalizia na jeli pembezoni ili nywele zilale, mafuta hayo hayakai yalipowekwa. Joto la Dar es Salaam, Tanga au Mombasa huyalainisha, jasho huyashusha, usiku yanahamia kwenye foronya, na foronya inayarudisha usoni.

Jaribu hivi kwa wiki 6. Paka mafuta kwenye nywele zenyewe na kati ya mistari, ukiacha nafasi ya vidole viwili kutoka mwanzo wa nywele. Lala umefunga kitambaa cha kichwa, lakini kisishuke hadi kwenye paji la uso. Kifuliwe, kwa sababu kitambaa cha wiki mbili kimeshakuwa pomadi yenyewe. Foronya ibadilishwe angalau mara moja kwa wiki. Ukiosha nywele kwa shampuu na kondishena, osha uso mwisho, nywele zikiwa zimeshasuuzwa. Wanaovaa ushungi wenye kofia ya ndani wafanye vivyo hivyo kwa kofia hiyo: iwe ya pamba na ibadilishwe kila siku, hasa msimu wa joto.

Kama mpangilio wa vipele ni huo na chanzo ni hicho, utaona vipya vimepungua hata kabla hujanunua dawa. Vya zamani vitahitaji muda zaidi.

Vimeenea mashavuni na kidevuni

Hapa mtuhumiwa wa kwanza ni mafuta ya uso, wa pili ni vipodozi vinavyolala na mtu.

Tumelelewa kupakwa mafuta hadi uso ung'ae, na mtoto asiyepakwa alionekana hana mwenyewe. Kwa miguu na mikono iliyopauka, sina ubishi. Kwa uso wenye vichwa vyeusi, mafuta ya nazi na siagi ya kakao ni kati ya vitu vyenye sifa mbaya zaidi ya kuziba vitundu. Si kila mtu humdhuru. Wapo waliopaka mafuta ya nazi tangu utotoni na nyuso zao ni safi. Lakini wewe ambaye tayari una tatizo, hayo ndiyo ya kuondoa kwanza. Mafuta ya mgando, kinyume na wengi wanavyodhani, yenyewe hayazibi vitundu kwa kiasi hicho. Ni mazito, hunasa jasho na vumbi juu ya ngozi, na katika unyevu wa pwani huchosha uso, lakini ukiniuliza nichague kati yake na siagi ya kakao kwa uso wenye vipele, nachukua ya mgando, tena kidogo, na kwenye midomo na mabaka makavu tu.

Badala yake tafuta losheni nyepesi iliyoandikwa kwenye kifungashio kuwa haizibi vitundu, au jeli ya kulainisha isiyo na mafuta. Usiache kabisa kulainisha. Uso uliokauka huwasha, hukakamaa, na dawa utakazoanza kutumia zitauunguza.

Fondesheni na poda hazina kosa zikitoka usiku ule ule. Kosa ni kurudi harusini saa nane, ukapangusa kwa kitambaa chenye maji na kulala. Fondesheni nzito haitoki kwa maji. Iondoe kwa losheni ya kuondolea vipodozi au maji yake maalumu, kisha osha kwa sabuni laini. Brashi na sponji nazo zioshwe kila wiki. Sponji inayokaa kwenye mkoba ikiwa na unyevu ni makazi ya vijidudu, tena ukute inapitishwa kwa marafiki watatu kabla haijarudi kwako.

Vilianza baada ya krimu ya kung'arisha

Kama vipele vilitokea kwa wingi ndani ya wiki au miezi ya kuanza krimu fulani, vyote vinafanana ukubwa, na uso umekuwa mwembamba, mwepesi kuwaka jua, pengine na vinyweleo vimeongezeka mashavuni, acha kusoma sehemu nyingine za ukurasa huu na ushughulikie hili kwanza.

Krimu nyingi za kung'arisha, na mikorogo inayopimwa kwa kijiko kwenye vikopo visivyo na jina, zina steroidi kali, yaani dawa za kutuliza uvimbe na muwasho, kama betamethasoni au klobetasoli. Steroidi ikipakwa usoni kwa muda huleta chunusi zake yenyewe. Mbaya zaidi, siku za mwanzo huficha vipele vilivyokuwepo, ndiyo maana mtu husifia kuwa imemsaidia. Kuna pia zile tyubu za mchanganyiko wa dawa tatu, ya fangasi, ya bakteria na steroidi, ambazo watu hupaka usoni kwa kila kipele. Hazikutengenezwa kwa kazi hiyo. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini bado vinaonekana sokoni. Haidrokwinoni ikitumika miaka bila usimamizi inaweza kugeuza mashavu kuwa na weusi wa bluu usiotoka. Zebaki hupenya ngozi na kuumiza figo.

Ukiacha steroidi ghafla, uso unaweza kulipuka: wekundu, kuwaka moto, vipele maradufu. Wengi hapo huogopa na kurudi kwenye kopo. Nenda kwa daktari wa ngozi na tyubu au kopo lenyewe mkononi, akupangie namna ya kuacha. Usione aibu. Kwa kliniki za ngozi za huku kwetu hili ni tatizo la kila siku.

Naosha mara nne kwa siku, bado uso una mafuta

Punguza hadi mara 2: asubuhi na usiku, pamoja na baada ya kazi au mazoezi ya kutoa jasho jingi. Kuosha zaidi ya hapo hakufikii kizibo, ila kunaondoa kinga ya juu ya ngozi.

Kisha angalia sabuni. Ngozi ya uso ina asidi kidogo, pH kati ya 4.5 na 5.5 hivi (pH ni kipimo cha asidi: namba ikishuka, asidi imezidi). Sabuni za kipande kwa kawaida ziko 9 hadi 10, na ile ya mche ya kufulia haina kazi yoyote usoni. Wanaooga kwa maji ya kisima cha pwani, yale ya chumvi ambayo sabuni haitoi povu, wana shida ya ziada: sabuni ya kipande hushikana na madini ya maji hayo na kuacha utando usiosuuzika vizuri. Ukipitisha kidole shavuni baada ya kuoga ukahisi kama kuna kitu kinakwama, ndio huo. Tumia sabuni ya maji ya uso isiyo na manukato makali, na kama unaweza, weka kikombe kimoja cha maji ya bomba au ya mvua kwa ajili ya suuza ya mwisho.

Limau liache jikoni. Maji ya limau yana pH ya karibu 2, huunguza, na yakikutana na jua kali huleta malengelenge na madoa meusi yanayokaa wiki nyingi. Baking soda inakosea upande wa pili: pH yake iko juu mno kwa ngozi. Dawa ya meno, kadhalika, hukausha na kuchubua. Barakoa za mkaa zinazokauka na kubanduliwa huondoka na vinyweleo na ncha za juu za vizibo. Unaona vitu vimenasa na unafurahi, lakini shina limebaki. Na mvuke wa maji ya moto chini ya taulo haufungui vitundu, kwa sababu vitundu havina msuli wa kufunguka wala kufunga. Hulainisha ngozi kidogo tu. Anayetaka raha hiyo aifuate kwa uangalifu, maana sufuria ya maji yanayochemka ikipinduka huunguza vibaya.

Singo na liwa za mabibi wa pwani sizikatazi. Kwenye mwili wa bi harusi zina heshima yake. Usoni penye vipele, lakini, usisugue kwa nguvu. Mchanganyiko wenye chembechembe upakwe uoshwe taratibu, au uso uachwe kabisa.

Nikikamua vinarudi, tena vinaacha madoa

Vinarudi kwa sababu umeondoa kizibo bila kubadilisha kinachokitengeneza. Madoa yanabaki kwa sababu ngozi yetu hujibu kila jeraha kwa kumwaga melanini. Kucha ikiminya kitundu, sehemu ya kizibo hutoka juu na sehemu nyingine inaweza kupasukia ndani, na kipele kisichouma hugeuka jipu dogo. Kitone kilichokuwa kinaonekana kwa aliyekaa karibu sana kinakuwa doa linaloonekana kutoka ng'ambo ya barabara, kwa miezi. Kwa wenye asili ya makovu yanayovimba, hasa kwenye taya, kifua na mabega, ni hatari kubwa zaidi. Vipele vya puani na vya mdomo wa juu visiminywe kabisa vikiwa na usaha. Mara chache, lakini imewahi kutokea, maambukizi ya eneo hilo husafiri kwa mishipa ya damu kuelekea ndani ya kichwa.

Saluni ni mtihani mwingine. Umekaa, kichwa kimelazwa nyuma, fundi anakuangalia: "Dada, hivi vyeusi vya puani si nikukamue tu, dakika mbili?" Kifaa alichokishika kimetoka kwenye kikopo kile kile alichotumia kwa mteja aliyeondoka. Mjibu kwa upole, "Hapana mpenzi, vya uso natibiwa," na iishie hapo. Kukamua kunaweza kufanyika salama, lakini na mtu aliyefunzwa, kwa kifaa kilichochemshwa, baada ya ngozi kulainishwa na dawa kwa wiki kadhaa. Kizibo kilichokwisha legea hutoka kwa kugandamizwa kidogo sana. Kisipotoka kwa mgandamizo huo, mtaalamu huacha.

Natumia dawa lakini sioni mabadiliko

Katika maswali yote hili ndilo linalostahili muda, kwa sababu dawa zipo, zinafanya kazi, na mara nyingi zinashindwa kwa namna zinavyotumiwa.

Uliza kwanza umetumia muda gani. Ngozi ya juu huchukua karibu wiki 4 kujibadilisha kwa kijana, na zaidi kwa mtu mzima. Kizibo unachokiona leo kilianza kujengwa wiki nyingi kabla hakijaonekana. Dawa ya kweli huanza kuonekana wiki ya 6 hadi ya 8, na hukumu yake hutolewa wiki ya 12. Aliyebadilisha krimu tatu ndani ya mwezi hajatumia hata moja.

Asidi ya salisiliki ya asilimia 0.5 hadi 2 ndiyo ninayoshauri ianze. Inayeyuka kwenye mafuta, hivyo huingia ndani ya kitundu na kulegeza seli zilizonata. Losheni au jeli inayobaki usoni ina nguvu kuliko sabuni yenye asidi hiyo, kwa sababu sabuni inasuuzwa mara moja. Anza usiku mara 3 kwa wiki, ukizoea iwe kila siku. Angalia asilimia kwenye tyubu kabla hujalipa: dukani kuna marhamu ya salisiliki ya asilimia 10 na zaidi kwa ajili ya sugu na sunzua, na kuna mafuta ya fangasi yenye salisiliki ndani yake. Hayo hayaendi usoni.

Kama wiki 8 zimepita bila nafuu, au vichwa vyeusi ni vingi tangu mwanzo, dawa iliyo bora zaidi ni retinoidi, kundi la dawa za jamii ya vitamini A. Adapalini ya asilimia 0.1 inapatikana kwenye maduka mengi ya dawa na huvumilika kuliko tretinoini, retinoidi nyingine. Inafanya kazi palepale tatizo linapoanzia, kwenye namna seli za kitundu zinavyobanduka. Wengi huiacha wiki ya pili wakisema imewaunguza, na ukiwauliza walipaka vipi, jibu liko hapo. Walipaka nyingi, kila usiku, juu ya kila kipele, uso ukiwa bado na maji.

Ipakwe hivi. Osha uso usiku, kausha, subiri dakika 20. Paka losheni nyepesi kama ngozi yako ni kavu. Kamua dawa kiasi cha punje moja ya njegere, hicho ni cha uso mzima. Gawa paji, mashavu, kidevu, na usambaze. Usiipake kwenye kipele kimoja kimoja, kwa sababu kazi yake ni kuzuia kizibo kinachofuata, ambacho bado hujakiona. Ruka pembe za pua, pembe za mdomo na kuzunguka macho. Wiki 2 za kwanza paka usiku mara 2 tu kwa wiki, kisha mara 3, kisha usiku mmoja ndiyo mmoja siyo. Ngozi kubanduka kidogo na vipele kuongezeka wiki za mwanzo ni kawaida. Kuvimba, kutoa maji au kuuma sana si kawaida; acha uonane na mtaalamu. Mjamzito, na anayetafuta ujauzito, asitumie adapalini wala tretinoini. Kwake asidi ya azelaiki ni chaguo zuri, tena husaidia na madoa.

Benzoili peroksaidi ni ya vipele vyenye uvimbe na usaha zaidi kuliko vichwa vyeusi vitupu. Ukiihitaji, ya asilimia 2.5 inatosha, na ya 10 inachubua zaidi bila faida kubwa ya ziada. Inafuta rangi ya kitambaa, kwa hiyo tumia taulo na foronya nyeupe, na usijifunge kanga yako nzuri kabla haijakauka.

Usianze zote kwa pamoja. Moja, wiki kadhaa, kisha uone. Na asubuhi, kila asubuhi, losheni ya kukinga jua ya SPF 30 au zaidi. Ngozi nyeusi nayo inaihitaji, kwa sababu jua ndilo linalokoleza madoa na hufanya uso uliopakwa retinoidi uwake. Kama ile uliyoijaribu ilikuacha na utando mweupe, tafuta ya jeli.

Vinawasha, vyote vinafanana, dawa za chunusi hazivigusi

Kama ni vipele vidogo vya ukubwa mmoja kwenye paji la uso, kifua na mgongo, vinawasha hasa ukitoka jasho, na viliongezeka baada ya kutumia antibayotiki, huenda ni fangasi ya kwenye vitundu. Inapenda joto na unyevu wetu. Haisikii dawa za chunusi. Mfamasia au daktari anaweza kukuanzishia shampuu au krimu ya ketokonazoli, na nafuu huja ndani ya wiki chache.

Vipele vilivyofuata mkanda wa helmeti kidevuni, kwa madereva wa bodaboda na abiria wao, vinatokana na msuguano na jasho. Mkanda na sponji ya ndani vifuliwe, na abiria avae kitambaa safi chini ya helmeti ya kugawana. Wanaokaanga chipsi na maandazi, na mafundi gereji wanaopangusa jasho kwa mikono yenye oili, waoshe uso mara watokapo kazini, na nguo zilizoloa oili zisirudiwe kuvaliwa kesho yake bila kufuliwa.

Wakati wa kwenda kliniki

Mtoto wa miaka 9 au 10 kuwa na vichwa vyeusi vichache puani ni dalili ya kawaida ya balehe inayokaribia. Sabuni laini inatosha, na wazazi wasimkamue. Mtoto wa chini ya miaka 7 mwenye chunusi aonwe na daktari. Msichana au mwanamke ambaye chunusi zake zinaambatana na hedhi inayoruka miezi na ndevu kidevuni apimwe homoni. Mzee mwenye vitone vikubwa vyeusi pembeni mwa macho, hasa aliyefanya kazi juani au kuvuta sigara miaka mingi, navyo ni vichwa vyeusi, ila vinataka mkono wa mtaalamu. Kitone chochote kinachokua, kinachotoka damu au kubadilika rangi kisisubiri wiki 12 za dawa.

Huhitaji kusafiri mbali kila mara. Muhimbili na hospitali ya Kenyatta zina kliniki za ngozi, na kituo cha mafunzo ya ngozi kilichopo hospitali ya KCMC, Moshi, kilichoanza mwaka 1992, kimefundisha wahudumu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika, wengi wao wakihudumu nje ya miji mikuu. Uliza hospitali ya mkoa wako siku ya kliniki ya ngozi. Nenda bila vipodozi usoni, na ubebe kila unachopaka, pamoja na mafuta ya nywele.

Uso ukishasafika, dawa haiachwi siku hiyo. Tezi bado zinatoa mafuta na seli bado zinabanduka, kwa hiyo endelea na adapalini au salisiliki usiku mara 2 au 3 kwa wiki. Vikianza kurudi ghafla wakati dawa unaitumia vizuri, jiulize ni kitu gani kipya kimeingia wiki 4 hadi 8 zilizopita: mafuta mapya ya nywele, losheni ya zawadi, fundi mpya wa kusuka. Kitoe hicho kwanza, kabla hujaongeza dawa.